Ukumbusho na Kumbukumbu: Namna ya Kuzisoma Barua za Bweni la Kiingereza

UTANGULIZI

Wahenga walinena kwamba ukiona vyaelea, vimeundwa. Methali hii hutumiwa aghalabu kumkumbusha mtu jasho la fundi aliyekitia chombo majini. Katika makala haya nitaitumia kwa chombo cha aina nyingine, yaani barua ya mtoto wa shule ambayo imeelea juu ya miaka mingi hata ikatufikia sisi tusiomjua mtoto mwenyewe. Swali ninalotaka kulijibu ni hili: ni nani aliyeiunda barua hiyo?

Nimezichagua shule za bweni za Kiingereza za mtindo wa zamani, zile zilizowapokea wavulana wa tabaka la juu na la kati la Uingereza tangu wakiwa na umri wa miaka minane au tisa. Sababu zangu ni mbili. Kwanza, shule hizo zimezaa fasihi kubwa ya riwaya na tawasifu tangu Thomas Hughes alipochapisha Tom Brown's School Days mwaka 1857, akiisifu shule ya Rugby chini ya Thomas Arnold, aliyeiongoza kuanzia 1828 hadi alipofariki mwaka 1842. Pili, wanafunzi wa shule hizo wameacha vitu vingi nyuma yao: barua, ripoti, picha za timu za kandanda, kofia, na masanduku ya mbao. Kwa hiyo mhakiki ana nafasi, ambayo haipatikani kila mahali, ya kuviweka vitu hivyo kando ya vitabu na kuvilinganisha.

Kabla ya kuendelea, yafaa tutofautishe istilahi mbili. Katika makala haya, "ukumbusho" ni kitu kinachoshikika kilichobaki kutoka siku za shule. "Kumbukumbu" ni kile ambacho mtu amekibeba moyoni na kukisimulia baadaye. Wasomaji wengi wa tawasifu huamini kwamba viwili hivi vikigongana, ukumbusho ndio shahidi mwaminifu, kwa kuwa uliandikwa siku ileile na mkono uleule, ilhali kumbukumbu imepikwa na kupakuliwa mara nyingi. Mimi sikubaliani na imani hiyo, angalau kwa shule za bweni. Nitajaribu kuonyesha kwamba ukumbusho wa bweni uliundwa mbele ya macho ya mwalimu, na kwamba ukweli wa maisha ya mtoto hauna budi kutafutwa katika pengo lililoko baina ya kile alichoandika na kile alichokuja kusimulia.

BARUA ZA JUMAPILI

Mfano wetu wa kwanza ni Roald Dahl, aliyezaliwa Wales mwaka 1916 kwa wazazi wa Kinorwe. Baba yake alifariki mwaka 1920, na mama yake, Sofie Magdalene, akabaki na wosia wa mumewe aliyeamini kwamba shule za Kiingereza ndizo bora duniani. Kwa hiyo mwaka 1925 mtoto huyo alipelekwa shule ya St Peter's, Weston-super-Mare, akiwa na umri wa miaka tisa. Baadaye akaingia Repton, alikomaliza mwaka 1934. Habari za miaka hiyo amezisimulia katika Boy, kitabu kilichochapishwa mwaka 1984.

Boy ni kitabu kilichojengwa juu ya ukumbusho. Kurasa zake zimebeba nakala za barua kwa hati ya mtoto mwenyewe, sehemu za ripoti za shule, na picha. Msomaji anayekifunua kwa mara ya kwanza hudhani kwamba vitu hivyo vimewekwa ili kuyathibitisha masimulizi, kama vile wakili anavyoviweka vielelezo mbele ya hakimu. La hasha. Tukivisoma kwa makini tunaona kwamba vielelezo hivyo mara kwa mara vinampinga wakili wake.

Tuchukue barua yake ya kwanza kutoka St Peter's, ya mwezi Septemba 1925. Mtoto anamwarifu mama yake kwamba mambo ni mazuri sana, kwamba wanacheza kandanda kila siku, kwamba vitanda havina springi, kwamba apelekewe albamu yake ya stempu, na kwamba walimu ni watu wema. Tukigeukia masimulizi ya mtu mzima, tunakutana na mtoto aliyekuwa mgonjwa kwa hamu ya kwao kiasi cha kujisingizia maumivu ya kidole-tumbo ili arudishwe nyumbani, na aliyekuja kuchapwa henzirani kwa sababu nibu yake ilivunjika wakati wa masomo ya jioni naye akamwomba mwenzake nyingine kwa kunong'ona. Ajuaye shule atatambua uzito wa kosa hilo. Mtoto huyu aliadhibiwa kwa kutafuta chombo cha kuandikia, katika shule ambayo kila Jumapili ilimwamuru aandike.

Dahl mwenyewe anatueleza kwa nini barua na masimulizi havipatani. Kila Jumapili asubuhi wanafunzi wote waliketi kuwaandikia wazazi wao, na mwalimu mkuu alizunguka katikati ya madawati akisoma juu ya mabega yao. Kisingizio chake kilikuwa kusahihisha tahajia. Kazi yake halisi ilikuwa kuhakikisha kwamba hakuna mtoto anayelalamikia chakula au kipigo, wala anayemsema mwalimu vibaya. Kwa hiyo barua hizo zilikuwa na msomaji wa kwanza kabla ya mama, na msomaji huyo ndiye aliyeshika bakora.

Turejee sasa kwenye ile sentensi ya vitanda. Imesimama katikati ya kandanda na stempu, fupi, haina kivumishi wala kilio. Nadhani hapo ndipo sauti ya mtoto iliponusurika. Hakusema kwamba halali, wala kwamba analia usiku. Alisema tu kwamba kitanda hakina springi, jambo ambalo mwalimu angeliona kuwa habari ya fanicha, lakini mama angeweza kulisikia kuwa habari ya mwili wa mwanawe. Wajuzi wa ushairi wetu hawatashangazwa na mbinu hiyo. Fumbo si anasa ya washairi wa Lamu na Mombasa peke yao. Aliyezibwa kinywa hulifikia bila kufundishwa.

Ripoti za shule nazo ni ukumbusho, lakini katika hizo mwalimu hajifichi nyuma ya bega la mtoto. Walimu wa Repton waliandika kwamba kijana huyu hakuweza kuyapanga mawazo yake kwenye karatasi, na kwamba maneno yalimpindukia na kusema kinyume cha alichokusudia. Mtu yuleyule akaja kuwa miongoni mwa waandishi wanaosomwa zaidi na watoto duniani. Hati hizo ni halisi na tarehe zake ni sahihi, lakini hukumu iliyomo ndani yake haikuwa sahihi.

SIKUKUU YA MWALIMU

Mfano wa pili ni George Orwell, ambaye jina lake la shuleni lilikuwa Eric Blair. Aliingia shule ya St Cyprian's, Eastbourne, mwaka 1911 akiwa na umri wa miaka minane, akakaa huko hadi 1916, na baadaye akasoma Eton. Insha yake juu ya St Cyprian's, Such, Such Were the Joys, ni miongoni mwa maandiko makali kuliko yote yaliyowahi kuandikwa juu ya utoto wa bwenini. Ilichapishwa Marekani mwaka 1952, miaka miwili baada ya kifo chake, na jina la shule likabadilishwa. Uingereza haikuiona hadi 1968, kwa kuwa wachapishaji waliogopa kushtakiwa, na Bibi Wilkes, mke wa mwalimu mkuu na mtawala halisi wa shule, alifariki mwaka 1967.

Katika insha hiyo mtoto anachapwa kwa sababu anakojoa kitandani, jambo asiloweza kulizuia, na anafundishwa kuamini kwamba hilo ni dhambi yake. Anakumbushwa kwamba amepunguziwa karo, na kwa hiyo ana deni la kushinda mitihani kwa ajili ya sifa za shule. Bibi Wilkes, ambaye wanafunzi walimpa jina la utani, anatokea kama jua la kitropiki: leo linaotesha, kesho linaunguza. Mtoto anamchukia, na papo hapo anatamani atabasamiwe naye.

Lakini barua za Eric Blair kwa mama yake zimehifadhiwa pia. Katika barua ya Desemba 1911, muhula wake wa kwanza, anasimulia kwamba jana yake ilikuwa sikukuu ya kuzaliwa kwa Bibi Wilkes, kwamba baada ya chai walicheza nyumba nzima na kufurahi mno, na kwamba walitembea hadi kwenye majabali ya Beachy Head. Anaongeza kwamba yeye ni wa tatu katika hesabu, na neno lenyewe la hesabu amelikosea tahajia.

Mtu anaweza kusema: mmesikia wenyewe, mtoto alikuwa na furaha, na mzee ndiye aliyeyazua mateso. Hoja hiyo imekwisha kutolewa. Jacintha Buddicom, aliyecheza na Eric wakati wa likizo, aliandika katika Eric and Us (1974) kwamba hakumjua kamwe mtoto huyo mwenye huzuni anayetajwa katika insha. Na Cyril Connolly, aliyesoma naye St Cyprian's na aliyeikejeli shule hiyo katika Enemies of Promise (1938), alijuta baadaye. Katika The Evening Colonnade (1973) alikiri, baada ya kukutana tena na ripoti na barua za siku zile, kwamba aliwatendea walimu wake isivyo haki. Huu ni ushahidi mzito, na mhakiki mwaminifu hawezi kuufagilia chini ya jamvi. Hapa ukumbusho uliigeuza hukumu ya mtu mzima aliyekuwapo.

Hata hivyo, nina majibu mawili. Kwanza, Buddicom alimjua Eric wa likizo, na likizo ni mahali ambapo mtoto wa bweni hujitahidi kusahau. Pili, na hili ndilo kubwa zaidi, furaha ya barua na hofu ya insha hazifutani. Orwell mwenyewe anakiri katika insha kwamba alikuwa na siku njema, kama zile za kwenda kukamata vipepeo mashambani wakati wa kiangazi. Mtoto aweza kweli kufurahi siku ya sikukuu ya mtu anayemwogopa, kwa kuwa siku hiyo hatapigwa. Barua ile ya Desemba haisemi uongo. Inasema siku moja, siku ambayo ilikuwa na haki ya kuandikwa, na inazinyamazia zile ambazo hazikuwa na haki hiyo.

MAKOSA YA KUMBUKUMBU

Isidhaniwe kwamba nataka tuitupe hati na kuiamini kumbukumbu kwa upofu. Boy inatupa onyo la wazi. Humo Dahl anasimulia jinsi rafiki yake alivyochapwa kikatili na mwalimu mkuu wa Repton, na anamtambulisha mwalimu huyo kuwa ndiye aliyekuja kuwa Askofu Mkuu wa Canterbury na kumvika taji Malkia Elizabeth mwaka 1953. Mtu huyo ni Geoffrey Fisher. Jeremy Treglown, katika wasifu alioutoa mwaka 1994, alionyesha kwamba kipigo hicho kilitokea mwaka 1933, na Fisher alikwisha kuondoka Repton mwaka 1932. Aliyeshika fimbo alikuwa mrithi wake.

Hapa kumbukumbu ilikosea, na kalenda ikaisahihisha. Kosa lenyewe lina haki ya kuhakikiwa. Dahl anasema kwamba kisa hicho kilimtia shaka juu ya dini: ikiwa mtu wa Mungu anaweza kupiga hivyo, Mungu ni wa namna gani? Kwa hoja hiyo, askofu alifaa zaidi kuliko mwalimu wa kawaida. Sidai kwamba alidanganya kwa makusudi. Nadai kwamba kumbukumbu nayo, kama barua, ina msomaji anayesimama nyuma ya bega lake. Msomaji wa barua alikuwa mwalimu. Msomaji wa kumbukumbu ni hadhira inayosubiri kisa kilichokamilika. Hata hivyo kipigo kilikuwapo, na maumivu ya kijana yule hayakupungua kwa kuwa mkono ulikuwa wa mtu mwingine. Lakini haki inadai kwamba lawama impate mwenye nayo, na hilo lisingewezekana bila tarehe.

MLINZI WA UKUMBUSHO

Ukumbusho haujihifadhi wenyewe. Sofie Magdalene Dahl alizitunza barua za mwanawe zaidi ya 600, kila moja katika bahasha yake, akazifunga mafurushi kwa utepe wa kijani, wala hakumwambia. Alifariki mwaka 1967, na ndipo mwana alipojua kwamba hakuna hata moja iliyopotea. Mwaka 2016 Donald Sturrock alizihariri nyingi kati yake na kuzitoa katika kitabu Love from Boy.

Katika fasihi yetu tunazo amana zinazofanana na hiyo. Mwana Kupona alimtungia binti yake utenzi karibu na mwaka 1858, na maneno ya mama yakahifadhiwa kwa ajili ya mtoto. Barua alizoandika Shaaban Robert kwa mdogo wake Yusuf Ulenge kuanzia 1931 hadi 1958 zilitufikia mwaka 2002 kwa sababu mdogo huyo alizitunza. Katika mifano yote mitatu kuna mtu wa pili asiyetajwa sana, ambaye bila yeye tusingekuwa na cha kuhakiki. Lakini kuna tofauti pia. Shaaban Robert alimwandikia ndugu yake akiwa mtu mzima ambaye hakuna aliyechungulia bega lake alipokuwa akiandika. Mtoto wa bweni hakuwa na uhuru huo.

Naomba msomaji aniwie radhi nikitoa ushahidi wangu mwenyewe, kwa kuwa swali hili halikunijia kutoka vitabuni. Nilisoma katika shule ya bweni hapa Kenya miaka ya mwanzo ya karne hii, shule iliyokuwa imerithi kengele, viranja na foleni kutoka kwa wale waliorithi kwa Waingereza. Tuliandika barua siku za Jumapili na kuzitoa zikiwa wazi, na mwalimu wa zamu alizipitia kabla ya kuzifunga. Niliporudi kutoka ng'ambo na shahada yangu ya uzamili, mama alinionyesha mkebe wa biskuti uliokuwa na barua zangu zote. Nilizisoma kwa usiku mmoja. Katika kila barua mimi ni mzima, chakula ni kizuri, na walimu wanatupenda. Moja niliiandika katika wiki niliyolala katika chumba cha wagonjwa nikiwa na homa, na humo nimeuliza habari za mbuzi.

Nilimwuliza mama kama aliyaamini maneno yale. Akaniambia, "Mwanangu, maneno yako nilikuwa nasomewa na jirani. Mimi nilikuwa naangalia mwandiko." Akaitoa ile ya homa bila kuambiwa ni ipi. Herufi zilikuwa zimeinama, na mistari ilikuwa imeshuka upande wa kulia. Nilikuwa nimefundishwa nadharia za uhakiki kwa miaka miwili katika nchi ya watu, na hakuna hata moja iliyoniambia niitazame barua kabla ya kuisoma.

KUTOKA BWENI HADI DAR ES SALAAM

Huenda msomaji akauliza: barua za watoto wa Kiingereza zatuhusu nini sisi? Zinatuhusu kwa sababu bweni lile halikuishia Uingereza. Dahl alijiunga na kampuni ya mafuta ya Shell mwaka 1934, akapelekwa Dar es Salaam mwaka 1938, akajifunza Kiswahili, na Novemba 1939 akaja Nairobi kujiunga na jeshi la anga. Habari hizo amezisimulia katika Going Solo (1986). Orwell, baada ya Eton, alikwenda Burma mwaka 1922 kuwa afisa wa polisi wa dola. Mabweni hayo yalikuwa tanuri la ubeberu: mtoto aliyezoea kutenganishwa na mama akiwa na miaka minane hakuona ajabu kupelekwa nchi ya mbali akiwa na miaka ishirini.

Na mazoea ya barua za Jumapili yalisafiri naye. Dahl aliendelea kumwandikia mama yake kutoka Dar es Salaam, kijana mzima sasa, bila mwalimu nyuma ya bega. Lakini mtu aliyejifunza tangu utotoni kuwa habari njema ndizo zinazotumwa nyumbani hahitaji tena kuchunguzwa, kwani mwalimu amehamia ndani yake. Hili ndilo jambo la kutahadhari tunaposoma maandiko ya wakoloni juu ya nchi zetu. Uchangamfu wao mara nyingi ni lugha waliyofunzwa shuleni kabla ya kuvuka bahari. Zaidi ya hayo, Mdisho, mtumishi wa Dahl huko Dar es Salaam, tunamsikia katika Going Solo kwa kinywa cha bwana wake tu. Kwa wasomaji wa kitabu hicho, Mdisho hana barua yake mwenyewe, na pengo hilo haliwezi kuzibwa kwa kutazama mwandiko.

HITIMISHO

Nimejaribu kuonyesha mambo matatu. Kwanza, ukumbusho wa bweni si dirisha la kumwona mtoto moja kwa moja, kwani shule ni mtunzi mwenza wa kila barua iliyopitia mikononi mwake. Pili, kumbukumbu ya mtu mzima nayo hukosea, na hati pamoja na tarehe zina kazi ya kuisahihisha, kama ilivyotokea kwa Fisher na kama ilivyomtokea Connolly. Tatu, vyote viwili vikisomwa pamoja, ukimya wa kimoja hutafsiriwa na kingine.

Kwa walimu wenzangu wa fasihi, ningependekeza kwamba tunapowafundisha wanafunzi tawasifu na barua, tuwaulize maswali ambayo kwa kawaida hatuwaulizi: nani alikuwapo chumbani barua ilipoandikwa? Nani aliifunga? Nani aliihifadhi, na kwa nini yeye? Wengi wa wanafunzi hao wametoka mabwenini juzi tu, na mikebe yao bado iko kwa mama zao. Kazi hiyo ya utafiti yaweza kuanza likizo ijayo, kabla ya wadudu na mvua.